Hesabu ya Sheikh Hashid: Mifano ya Safari katika Njia ya Tabora

Mfanyabiashara wa karne ya kumi na tisa aliyekusudia kutoka pwani ya Mrima kwenda Unyanyembe alihitaji ilimu ya namna mbili, na aghalabu mtu aliyekwisha kuipata ya kwanza alidhani kuwa ameipata na ya pili. Ya kwanza ilikuwa kujua yaliyoko: kwamba nyuma ya Bagamoyo kuna Ukami na milima ya Usagara, kwamba baada ya Mpwapwa kuna Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, kisha Ugogo yenye watemi wengi na hongo nyingi, yaani ushuru wa kupita, kisha pori la Mgunda Mkali, hata Tura, mlango wa Unyamwezi, na ndipo Kaze katika Unyanyembe, mji tuuitao leo Tabora. Ya pili ilikuwa kujua kutenda: watu mia watakula nguo kiasi gani kwa siku, shanga za rangi gani zifungwe na zipi ziachwe Unguja, na mtemi akitaka hongo ya kuvunja mgongo apewe nini ili msafara upite kwa amani. Ilimu ya kwanza iliweza kuandikwa na kila mwenye macho na kalamu. Ya pili haikuandikika ila kwa mfano, yaani kwa kisa kimoja chenye hesabu yake tangu mwanzo hadi mwisho, ambacho msomaji angeweza kukifuata kwa mkono wake mwenyewe.

Naikumbusha habari hii kwa ajili ya watu wa kazi nyingine kabisa, nao ni waandishi wa programu za kompyuta. Katika kazi yao mtu mmoja huandika akiba ya msimbo, waiitayo maktaba, ili wengine waitumie bila kuanza upya. Na pamoja na akiba hiyo huandika maelezo ya matumizi yake. Malalamiko makubwa ya wanaosoma maelezo hayo, tangu zamani hata leo, ni kwamba kila sehemu ya maktaba imetajwa kwa jina na sifa zake, lakini mifano ya kutenda ama haipo, ama ni michache, ama imechakaa. Yeyote aliyepata kusumbuka hivyo atawatambua ndugu zake katika njia ya Tabora.

Sharti kwanza tujue fedha ya njia hiyo. Reale iliyotawala soko la Unguja haikumnunulia pagazi chakula huko bara. Kilichonunua ni nguo, shanga na masango, yaani waya wa shaba. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti, yapata yadi nne. Shanga zilitungwa katika khete, na khete kumi zikawa fundo. Vitu vizito vilipimwa kwa frasila, ratili thelathini na tano, na mzigo wa pagazi ulikuwa karibu frasila mbili. Kila kipimo kati ya hivi kilikuwa na mjadala wake, maadamu mkono wa mtu mrefu haulingani na wa mfupi. Na kila bidhaa ilikuwa na mahali ilipopendwa na mahali ilipotupwa.

Wanyamwezi wenyewe hawakuwa na haja ya kitabu. Walikuwa wakienda pwani na kurudi tangu kabla Waarabu hawajajenga Kaze, na mtoto wa Kinyamwezi aliizoea kazi hiyo kwa kubebeshwa pembe ndogo begani, akimfuata baba yake, akimtazama kirangozi anavyotangulia na nyampara anavyogawa posho. Huo ni mfano ulio hai, nao ni bora kuliko wote. Taabu ilimpata yule asiyekuwa na baba wa kumfuata: mgeni, aliyelazimika kupokea kwa maneno yale ambayo wenziwe waliyapokea kwa miguu.

Mgeni mmoja aliyekuwa na bidii ya ajabu katika kuuliza ni msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze tarehe 7 Novemba 1857 pamoja na mwenzake Speke. Aliyempokea ni Snay bin Amir, tajiri Mwarabu mwenye elimu na murua, na katika mwaka wa pili, Speke alipokwenda kaskazini kulitafuta ziwa la Nyanza, Burton alibaki Kaze akikusanya maneno na habari, Snay akiwa mwalimu wake. Kitabu alichokitoa mwaka 1860 kina nyongeza ndefu ya bidhaa za njia hiyo, ambamo amezipanga nguo na shanga moja baada ya moja, kwa majina yake ya soko. Hata ile shanga nyekundu ya samesame, iliyotiwa jina la kivunja mji kwa jinsi wanawake walivyoipenda, ameitaja. Mimi naiheshimu mno kazi ile. Bila Snay na Burton tungekuwa tumepoteza nusu ya msamiati wa biashara ya siku hizo. Walakini ni kazi ya mtu aorodheshaye: kila kitu kimesimama mahali pake, kimefasiliwa, kimepewa asili na thamani.

Miaka kumi na mmoja baadaye orodha hiyo ilijaribiwa na mtu mwenye haja. Henry Morton Stanley alitia nanga Unguja mapema Januari 1871, ametumwa na gazeti la New York kumtafuta Livingstone, wala hakuwa na maarifa yoyote ya bara. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyokaa usiku akijiuliza: fedha kiasi gani, wapagazi wangapi, askari wangapi, nguo, shanga na waya kiasi gani, na nguo za namna gani kwa kabila gani. Alijaza makaratasi kwa hesabu za kubahatisha. Alivisoma vitabu vya Burton, vya Speke na vya Grant, akakuta humo jiografia tele na habari za mila tele, lakini ya kuandaa msafara hakuyapata. Akavitupa kwa hasira. Aliwauliza Wazungu wa Unguja, wala hakumpata hata mmoja aliyeweza kumwambia watu mia hula doti ngapi kwa siku wakiwa njiani.

Hebu tulitazame swali hilo. Si swali la siri, wala la kitaalamu. Ni swali la kwanza kabisa ambalo kila mwenye msafara angeuliza, na lilikuwa halina jibu katika vitabu vya wasafiri mashuhuri watatu. Sababu yake si uvivu wa waandishi. Mtu aliyekwisha kusafiri husahau upesi swali lililomsumbua kabla ya kusafiri. Na akiandika, huandika yaliyomstaajabisha, si yale yaliyokuwa ya kila siku. Doti za posho zilikuwa za kila siku.

Jibu lilikuwa ng'ambo ya kichochoro. Nyumba aliyokaa Stanley, kwa balozi wa Marekani, ilikuwa mali ya Sheikh Hashid, mzee wa Kiarabu mwenye ndevu za mvi na mwenye mali, naye alikaa upande wa pili wa uchochoro huo mwembamba. Sheikh huyo alikuwa amepeleka misafara kadhaa bara, na wafanyabiashara waliorudi walizoea kuja barazani kwake kuhadithiana hasara na faida zao. Stanley amekiri kwamba alipata kwa mzee huyo, na kwa wenziwe aliotambulishwa kwao, zaidi ya alivyopata katika miezi mitatu ya kusoma vitabu.

Na alichokipata kwanza ni hiki: watu mia, siku moja, doti kumi. Basi. Kutoka hapo kila kitu kikafuata. Kwa mwaka mmoja anunue doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi, kama barsati ipendwayo Unyamwezi na sohari ikubalikayo Ugogo. Msomaji na azijumlishe doti hizo: zitakuwa 3,650. Kisha azidishe doti kumi kwa siku za mwaka, 365. Zitakuwa zile zile. Sheikh hakuwa ametoa makadirio ya jumla ya mtu apendaye kuonekana mjuzi. Alikuwa ametoa hesabu inayojithibitisha yenyewe, ambayo mgeni asiyewahi kuiona Mpwapwa anaweza kuikagua akiwa amekaa Unguja. Na Stanley alipotaka ya miaka miwili, hakuhitaji kurudi kuuliza: alizidisha mara mbili, akapata 4,000, na 2,000, na 1,300.

Mfano huo una sifa ambazo sijaziona zikikusanyika mara nyingi mahali pamoja. Una idadi ya watu, kwa hiyo mwenye watu hamsini anajua la kufanya. Una muda. Una aina za bidhaa, na baadhi yake zimefungamana na nchi zitakamotumika. Una matokeo yanayoweza kulinganishwa na sehemu zake. Tena ni mdogo: mtu anaweza kuuweka kichwani akashuka nao dukani.

Katika shanga mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapo mfano mwema ulilazimika kusema na yale yatakayokataliwa. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini kwingine hazikununua kitu. Shanga kubwa za sungomaji zilithaminiwa Ujiji na Uguha, zikakataliwa katika nchi nyingine. Nyeupe zilipita Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini Uzigua na Ukonongo zilidharauliwa. Kwa hiyo tajiri aliyefunga shanga nyingi za rangi moja angeweza kufa njaa akiwa na mali. Stanley alinunua aina kumi na moja, magunia 22, baada ya kupima nchi kwa nchi atakaa siku ngapi. Ama katika kitabu chake cha mwaka 1872 aliziandika hesabu hizi zote wazi, ili atakayemfuata asipate taabu ile ile. Yapo mengi katika mwenendo wa Stanley nisiyoweza kumsifia, na watu wa njia hii wanayo haki ya kuyakumbuka. Lakini kwa kurasa hizo chache alifanya jambo la insafu, na jina la Sheikh aliyemfundisha hakulificha.

Si kila aliyeshika mfano alinusurika. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price, wa jumuiya ya kimisionari ya London, aliyekuwa amezoea magari ya ng'ombe ya kusini mwa Afrika, alijaribu kuleta utaratibu huo katika njia ya bara letu. Alitoka Saadani na ng'ombe wachache, akafika Mpwapwa, akaona kuwa jambo linawezekana. Kwa jaribio hilo mwaka uliofuata ukaandaliwa msafara mkubwa wa magari na ng'ombe wengi ili kwenda Ujiji kupitia Unyamwezi. Ng'ombe wakafa njiani kwa ndorobo, magari yakaachwa, na wamisionari wa jumuiya hiyo walifika Ujiji mwaka 1878 kwa njia ile ile ya siku zote, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi. Jaribio la Price lilikuwa la kweli, wala hakusema uongo. Kosa ni kwamba jambo lililofaulu kwa ng'ombe wachache, safari moja, hadi Mpwapwa tu, lilichukuliwa kuwa ni ithibati ya msafara mzima hadi ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi wangeulizwa juu ya ndorobo, wangejibu bila malipo.

Tena mfano hata ukiwa sahihi una umri wake. Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871 na hesabu zake zikiwa timamu, lakini mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya kwenda Ujiji. Mwezi Agosti Waarabu walimwendea kwa vita, wakavunjwa. Siku chache baadaye Mirambo aliivamia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu wa mji huo, akauawa. Kila maelezo ya njia yaliyoandikwa kabla ya mwaka huo yakawa hayafai kwa mtu anayeelekea magharibi. Stanley alitoka Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 20 Septemba akazunguka kusini kwa njia ya Ukonongo, na hapo ile taarifa ya shanga zinazodharauliwa Ukonongo, iliyoonekana Unguja kuwa ni ya pembeni, haikuwa taarifa ya bure.

Ndiyo maana Kaze ilikuwa na faida ambayo kitabu hakikuweza kuwa nayo. Msafara ulioshuka kutoka Ujiji au Karagwe ulikutana hapo na msafara uliopanda kutoka pwani, watu wakakaa wiki nyingi katika matembe wakingoja mvua iishe au wapagazi wapatikane, na mazungumzo ya barazani yakawa ni marekebisho: mtemi fulani amekufa na mwanawe anataka zaidi, kisima fulani kimekauka, nguo fulani imetoka katika mtindo. Hakuna aliyesafiri kwa hesabu ya mwaka juzi kama aliweza kupata ya mwezi uliopita.

Waswahili wenyewe walipoanza kuandika safari zao kwa nathari, waliandika namna hiyo hiyo. Katika mkusanyiko wa safari uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901 imo safari ya Sleman bin Mwenye Chande ya kwenda bara, na humo msomaji huona hongo ikitakwa, ikibishaniwa na kulipwa. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Tabora na mkwe wa mtemi Fundikira, alipoyaandika maisha yake hakuweza kusimulia vita wala biashara bila kutaja frasila za pembe. Wasomaji wengine huchoshwa na hesabu hizo. Kwa rai yangu hizo ndizo zinazokifanya kitabu kile kiaminike, kwa sababu mwenye kuandika alijua kwamba miongoni mwa wasomaji wake wamo wafanyabiashara watakaozijumlisha.

Sasa nirudi kwa waandishi wa programu. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa UNIX, uliotolewa katika maabara ya Bell huko Marekani, una tarehe ya 3 Novemba 1971, karne moja kamili tangu mwaka wa Sheikh Hashid. Kila ukurasa wake ulipangwa kwa sehemu maalumu: jina la amri, namna ya kuiita, maelezo, mafaili yanayohusika, hata kasoro zinazojulikana; lakini sehemu ya mifano haikuwa miongoni mwa hizo za kawaida. Ni kazi ya fahari, na kutaja kasoro zako mwenyewe ni uaminifu mkubwa, lakini ni nyongeza ya Burton. Mwaka 1978 Kernighan na Ritchie, katika kitabu chao cha lugha ya C, walishika njia nyingine: walianza na programu fupi iliyo kamili, inayoandika salamu moja kwenye skrini, ili mwanafunzi aione ikifanya kazi kabla hajaambiwa lugha ina sehemu ngapi. Na mwaka 2001 lugha ya Python iliongezewa chombo kiitwacho doctest, ambacho huisoma mifano iliyomo katika maelezo, huitenda, kisha hulinganisha jibu lililotoka na jibu lililoandikwa. Yakihitilafiana, hutoa ilani. Hilo ndilo baraza la Kaze, limefanywa mashine.

Hata hivyo chombo hakimfundishi mtu nini cha kuonyesha. Mpaka leo kijana hufungua maelezo ya maktaba ya programu, akakuta mfano wa mistari mitatu ambao mistari minne ya kuutangulia haikuandikwa, kwa kuwa mwandishi anaijua; au akakuta majina yasiyo na maana mahali ambapo jina la kitu halisi lingemwangazia; au mfano haumwonyeshi jibu, naye akipata jibu lolote hajui kama amefika au amepotea; au mfano ni wa toleo lililokwisha kufutwa, na hakuna aliyeandika ni wa toleo gani. Mfano unaotenda yaliyo mepesi tu, bila kuonyesha kinachotokea mtandao ukikatika au faili lisipokuwepo, nao ni ng'ombe wa Price: umefika Mpwapwa, haujafika Ujiji. Anayetaka kuitengeneza mifano yake asianze kwa kuongeza maneno. Na amwite mtu asiyeijua maktaba hiyo, aketi kando yake, amtazame akiufuata mfano kwenye kompyuta ambayo haijawekwa kitu, wala asimsaidie kwa neno. Pale mkono wa mtu huyo utakaposimama ndipo palipokosekana doti kumi.

Kisha aweke toleo na tarehe. Mfano uliokufa na uondolewe, hata kama ni mzuri, kwa maana msomaji hana njia ya kujua kuwa umekufa mpaka umwangushe. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na hesabu ya watu mia kwa doti kumi, iliyokuwa na thamani kuliko vitabu vitatu, ikawa haina kazi tena kwa mtu yeyote aliyetaka kusafiri.

Kwa vijana wetu waandikao maktaba hizi hapa Tanzania na Kenya, Uganda na Kongo, ninalo ombi moja. Mnapoandika mfano, uandikeni na kwa Kiswahili pia, kwa vitu ambavyo mwanafunzi wa Tabora anavijua: hesabu ya duka, mizani ya tumbaku, nauli ya treni ya Kigoma. Wekeni na jibu lake, ili aweze kulikagua.